Bembea ya Kulalia Kwenye Kiwanja Kisicho na Mti

Tulirudi kutoka Lamu Januari 2024 na furushi ambalo utingo wa basi alilidhania wavu wa samaki. Ilikuwa bembea ya kulalia, ya kitambaa kizito cha pamba, futi 11 kutoka kitanzi hadi kitanzi. Nilikuwa nimeilalia siku nne mfululizo barazani kwa wenyeji wetu, upepo wa kaskazi unapita chini ya mgongo, nikasema kitu hiki lazima kifike Nairobi. Bibi yake mke wangu, ambaye ndiye tuliyekwenda kumwamkia, alinitazama akacheka. Kwao, alisema, kitu cha namna hiyo ni machela, na machela hubebewa mgonjwa.

"Mjukuu wangu, una siha yako. Walala machelani wangoja nini?"

Nilikuja kuyakumbuka maneno hayo zaidi ya mara moja, kila nilipokuwa nimeketi chini kwenye matope nikijipapasa kiuno.

Tunaishi Utawala, mtaa wa Nairobi, nyumba ya kupanga. Nyuma kuna kiwanja kidogo cha futi 18 kwa 20, ukuta wa mawe pande tatu, tangi la maji pembeni na kamba ya kuanikia nguo katikati. Mti hakuna. Hata mpapai hakuna. Upande huu wa mji ulikuwa mbuga ya nyasi kabla ya nyumba kuja, si kama Karura au Kileleshwa ambako mtu akitaka kivuli anachagua. Nilisimama pale na furushi langu begani nikagundua kwamba nilikuwa nimebeba nusu ya kitu. Nusu nyingine ni mti, na mti haupandi basi.

Nikaanza na kilichokuwapo. Milingoti ya kuanikia nguo ni mabomba mawili membamba yaliyosimama futi 13 mbalimbali, nikaona Mungu kanipimia. Nikaifunga bembea nikaikaza kwa nguvu zangu zote, maana nilitaka inyooke kama kitanda. Nilipokaa tu, mabomba yalipinda kwa ndani taratibu, na nguo za shule za watoto zilizokuwa kwenye waya wa juu zikanishukia usoni. Mama watoto alitazama kutoka dirisha la jikoni, hakusema neno, akafunga pazia.

Ukutani nilidumu muda mfupi zaidi. Nilikodi mashine ya kutoboa, nikatia boliti zile zinazotanuka ndani ya shimo. Ukuta wetu ni wa mawe ya kukatwa kwa mashine, ya inchi sita, kama kuta nyingi za Nairobi. Niliuamini kwa sababu unaonekana mzito. Lakini ukuta wa namna hiyo umejengwa kubeba uzito unaokwenda chini, jiwe juu ya jiwe. Ukiuvuta kwa ubavu, kinachokujibu ni saruji iliyo kwenye viungo tu, na ile ya kwetu ilikuwa na mchanga mwingi kupita kiasi. Siku ya pili niliona ufa kama unywele ukikimbia kutoka kwenye boliti hadi jiwe la tatu. Nikang'oa kila kitu, nikaziba mashimo, nikapaka rangi usiku. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi aliusimamia ukuta ule dakika nzima. Alisema tu, "Hapa pamekuwaje?" Nikamwambia ni jua. Amana yangu ya miezi miwili iko mikononi mwake hadi leo, ndiyo maana nasema ni jua.

Basi nikaamua kusimika nguzo zangu mwenyewe. Nilikwenda kwenye yadi ya mbao nikanunua nguzo mbili za blugamu zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, futi nane kila moja. Hiyo rangi ni ya shaba, lakini ndani ya dawa hiyo mara nyingi mna pia kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Naitaja kwa sababu mama anayekaanga samaki kwenye kona yetu aliniomba vipande vilivyobaki awashie jiko, nikamkatalia, akanuna wiki mbili. Kipande cha mti uliotiwa dawa hiyo hakichomwi, sembuse chini ya chakula cha watu.

Ilikuwa Februari, kiangazi. Udongo wetu ni ule mweusi ambao mafundi huuita blaki kotoni. Wakati huo ulikuwa umepasuka nyufa ambazo mkono wangu uliingia hadi kwenye kifundo. Kijana tuliyesaidiana naye alipiga mtaimbo hadi cheche zikaruka. Tulichimba futi mbili tukasalimu amri. Nikajiambia, udongo mgumu kiasi hiki, futi mbili zitatosha. Tukachanganya zege, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, tukazipima nguzo kwa pimamaji, nikawa nazimwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Zilisimama kama askari wa langoni. Nikatundika bembea, nikaikaza sawasawa kama kitanda, nikalala.

Wiki tano nililala. Nakiri zilikuwa wiki tamu. Ndege za kuelekea Embakasi zinapita juu, mtu anasoma gazeti, mtoto anakuja kukuomba nafasi nawe unajifanya umesinzia.

Kisha mvua zikaanza. Aliyekuwa Nairobi kati ya Machi na Mei 2024 hahitaji kuelezwa. Mito ilifurika, barabara zikawa mito. Kwetu maji hayakuingia ndani, lakini kiwanja cha nyuma kiligeuka uji. Jumapili moja mvua ilikatika kidogo, nikatoka na blanketi langu nikajilaza. Nilisikia sauti kama ya ng'ombe anayetoa mguu kwenye tope. Nguzo zote mbili ziliinama ndani kwa adabu kabisa, kama wazee wawili wanaosalimiana, nami nikashushwa hadi kwenye maji bila haraka. Nilipotazama chini ya nguzo, zege nzima ilikuwa imelala ubavu pamoja na mti wake. Haikuvunjika. Ilikuwa tu kama jino kwenye ufizi uliolegea.

Udongo mweusi hunyonya maji ukavimba, ukikauka unasinyaa. Wakati wa kiangazi unajitenga na zege yako na kuacha mwanya pembeni, mwanya ambao mimi sikuuona kwa sababu nilikuwa nimelala juu nikitazama ndege. Mvua ikija, maji yanaingia kwenye mwanya huo huo na kulainisha kila kitu kilichoishikilia nguzo. Ndiyo maana wajenzi wa upande wetu hawawekei msingi juu ya udongo huo; wanauchimba wautoe, wajaze mawe na changarawe, au washuke hadi wakutane na mwamba. Mimi nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo kwa miaka sita katika mtaa wangu mwenyewe. Nilidhani ni mambo ya maghorofa.

Aliyeniokoa ni mzee wa nyumba ya tatu. Ni mstaafu, miaka mingi alifanya kazi ya kusimika nguzo za umeme mashambani. Alikuwa amesikia kelele akachungulia juu ya ukuta, kisha akazunguka akaja kwa mlango na gambuti zake.

"Kijana wangu, hizi nguzo ni za mwisho wa laini."

"Vipi, mzee?"

"Umewahi kuona nguzo ya stima pale laini inapoishia? Imesimama peke yake?"

Nikafikiri. Kweli, haisimami peke yake. Kila nguzo ya mwisho, na kila nguzo ya kwenye kona, ina waya mnene unaoteremka kwa mshazari upande wa nyuma na kuzama ardhini. Hao huuita stei. Nguzo za katikati zinavutwa na waya huku na huku, nguvu zinalipana. Ya mwisho inavutwa upande mmoja tu, kwa hiyo lazima iwe na wa kuivuta nyuma. Bembea yangu ilikuwa laini ya nguzo mbili, na zote mbili zilikuwa za mwisho.

Kisha akaniuliza kwa nini naikaza hivyo. Nikamwambia nataka inyooke. Akaomba kamba na pakiti ya unga ya kilo mbili. Mama watoto akatoa vyote kwa furaha ambayo sikuipenda. Mzee akaufunga unga katikati ya kamba, akanipa ncha mbili nishike, akasema, "Haya, vuta mpaka kamba inyooke kabisa, isiwe na bonde."

Jaribu siku moja. Kilo mbili tu, unga wa ugali wa chakula kimoja. Kamba ikining'inia kama herufi V ni kazi ya mtoto. Unapoanza kuikaribisha kwenye mnyoofu mikono inatetemeka, na kunyooka kabisa hainyooki, hata uwe mbeba magunia wa Marikiti. Nilivuta hadi mishipa ya shingo ikasimama, na bonde bado lipo. Watoto walipanga foleni nao wajaribu, wote wakashindwa, na unga ukapasuka kwa wa tatu.

Usiku ule nilikaa na kikokotoo cha simu. Mimi nina kilo 84. Kamba ikishuka kwa pembe ya digrii 30, ambayo ndiyo wauzaji wengi wa bembea hupendekeza, kila upande unavuta kilo 84, sawa na uzito wangu. Ikishuka kwa digrii 10 tu, kama nilivyokuwa nikiifunga mimi, kila upande unavuta zaidi ya kilo 240. Nilikuwa nimelaza familia nzima kwenye kila nguzo bila kujua. Na cha kuudhi ni kwamba kuikaza hakunyooshi mgongo. Bembea ya kitambaa iliyokusanywa miishoni inatakiwa ilegee, kisha wewe ulale mshazari, kichwa kulia na miguu kushoto kidogo. Hapo ndipo kitambaa kinapotanuka na mgongo unakaa bapa. Watu wa visiwa vya Karibea, ambao Columbus aliwakuta wakilalia vitu hivi mwaka 1492 na ambao neno lao ni hamaka, walilala hivyo karne na karne. Mimi nililala kama ndizi na kuumwa kiuno kama mzee.

Nilimwambia mzee basi nitatia stei. Akapima kwa hatua. Waya wa nyuma wa nguzo ungetua chini ya tangi upande mmoja, na upande wa pili ungetua kwa jirani. Hata nikiipata nafasi, watoto wangejikwaa kila jioni. Akakaa kimya, akauchukua ufagio wa jikoni, akanirudishia kamba na unga mpya, kisha akauweka mpini wa ufagio kati ya ngumi zangu mbili, ncha hii kwenye ngumi hii na ncha ile kwenye ile.

Nikahisi mikono yangu ikipumzika. Kamba ilikuwa bado inazivuta ngumi zangu zikutane, lakini mpini ulizikataza. Kazi yangu ilibaki kuubeba unga usianguke, basi. Mzee hakuongeza neno. Alirudisha ufagio jikoni akaaga.

Hapo ndipo niliposahau habari ya kuchimba. Ardhi haina haja ya kushindana na kamba ikiwa kuna mtambo wa juu unaoshindana nayo: bomba moja la kulala, kutoka kichwa cha bembea hadi miguu, na bembea ining'inie kwenye ncha zake. Miguu ya chini inabeba uzito wa mtu tu, wima, kama kiti kinavyobeba. Na kwa sisi wa kupanga, kitu kisichozikwa ni kitu cha kuhama nacho.

Fundi wa kuchomelea nilimpata upande wa Kariobangi, kijana mwepesi wa mkono, mzito wa kusikiliza. Nilimchorea kwenye karatasi ya sigara. Miguu minne ya blugamu, futi saba kila mmoja, miwili miwili ikikutana juu kama herufi A iliyopitiliza, ili ncha zifanye panda ya kupokea bomba. Ubao wa kuifunga A katikati isipanuke. Bomba la chuma la inchi mbili. Mabomba hayo huuzwa ya mita 6, yaani karibu futi 20. Tulikata 13, na zile saba zilizobaki zikawa mlingoti mpya wa kuanikia nguo, sehemu ya fidia niliyodaiwa nyumbani. Kulishikilia bomba kwenye panda alitumia klampu za ekzosi ya gari, ambazo kila duka la vipuri linazo.

Tulibishana juu ya kimo. Mimi nilitaka bomba liwe futi tano kutoka chini, fundi akasema sita. Kabla ya kukata miguu tuliifunga kwa kamba kwa muda kwenye futi tano, nikajilaza vizuri, nikainuka, nikalipiga bomba kwa utosi. Nikarudia taratibu, nikalipiga tena. Fundi akangoja nilipige mara ya tatu ndipo akasema, "Mkubwa, sita." Tukaenda sita.

Lakini bomba likipanda, bembea nayo inapanda na mtu haifikii. Ikabidi kurefusha kamba hadi futi mbili kila upande. Nilikuwa nikihesabu kwenye simu iwapo itakaa vibaya, fundi akachukua kipande cha mkaa akachora sakafuni. Kati ya vitundikio viwili kuna futi 12, nusu yake sita. Bembea pamoja na kamba ni futi 15, nusu yake saba na nusu. Kwa hiyo katikati itashuka futi nne na nusu, na makalio yatakuwa futi moja na nusu kutoka chini, kimo cha kiti.

"Hii si ni tatu, nne, tano?" akasema. "Ile ya kupigia kona ya nyumba."

Ilikuwa ndiyo. Kipimo kile kile ambacho kila fundi wa ujenzi huvuta kwa uzi ili kona ya msingi iwe mraba. Na uzito wangu ukaingia humo humo kana kwamba nilipimwa kwa makusudi: nusu yangu, kilo 42, inakwenda chini kila upande, kamba inavuta 70, bomba linasukumwa na 56. Arobaini na mbili, hamsini na sita, sabini. Hiyo ni mtu akilala tuli, lakini. Mtoto akirukia, hesabu inavurugika, kwa hiyo vifaa vyote tulichukua vya kubeba mara kadhaa ya hapo.

Siku ya kwanza kuitumia iliyumba. Si upande kwa upande. Zile A zilisimama imara. Iliyumba mbele na nyuma, kwa urefu, kama meza ambayo misumari imelegea. Niliposukuma mguu kujibembeza, A mbili ziliegemea pamoja kuelekea langoni na moyo wangu ukazitangulia. Tulisahau kwamba pembe nne hukunjika na pembe tatu hazikunjiki. Fundi alirudi akaongeza fito mbili za mshazari, moja kila mwisho, kutoka kwenye ubao wa A hadi kwenye bomba, futi tatu kwa ndani. Tangu hapo haijatikisika.

Kamba nazo nilizibadilisha mara mbili. Ya katani iliota ukungu kwenye mvua. Ya nailoni ni nzuri kwa macho, lakini inarefuka: unalala kimo cha kiti saa nane, saa kumi unaamka makalio yanagusa majani. Sasa nina mikanda ile bapa ya kufungia mizigo ya lori, na shakeli za chuma. Ndoano zilizopindwa kama herufi S nimezitupa; zinafunguka polepole bila kukuambia. Chini ya kila mguu kuna bamba la zege la futi mbili, ili udongo ukivimba na kusinyaa ufanye mambo yake na sisi tufanye yetu. Mvua za Oktoba zilipokuja, mguu mmoja ulizama kama upana wa kidole. Nikauinua, nikasukuma changarawe chini, basi.

Mtambo wote unafunguka kwa boliti 12 na spana nambari 19. Nazikaza kila baada ya miezi michache, maana mti ukikauka unasinyaa na nati inabaki inacheza. Kitambaa nakiingiza ndani jioni; jua la Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, linaila pamba haraka kuliko nilivyodhani, na umande wa Julai unaiozesha.

Zile zege mbili za zamani bado zipo. Nguzo nilizikata, lakini mabonge yenyewe yamegoma kutoka, kila moja limelala na ubavu mmoja juu. Mwenye nyumba hajayaona, au ameyaona akaamua ni jua. Moja ndilo mzee anapendelea kukalia akija na kikombe chake. Nimemkaribisha bembeani mara nyingi, anakataa, anasema miaka yote alizoea kuangalia nguzo, si kuning'inia kati yake. Juzi nilitoka ndani na chai nikamkuta amelala humo mshazari, gambuti ziko chini, kofia usoni. Nikamweka kikombe chake juu ya bonge na kurudi ndani.

Picha nilimtumia bibi kule Lamu. Akapiga simu saa hiyo hiyo kuuliza ni nani mgonjwa.